Kompyuta ya Baba Ikiwaka

Lupe na Fonua,

Majimbi yako kwenye sufuria. Nimekwenda kufagia kanisa.

Kompyuta ya baba yenu bado inagoma. Feni inazunguka, kompyuta inalia “pii” mara tatu, kioo cheusi vilevile. Fonua, acha kubonyeza kile kitufe kama kengele ya mlango. Chomoa waya wa umeme kwanza. Fungua ubavuni, toa kile kipande kirefu cha memori, usugue meno yake taratibu kwa raba ya kufutia, maana chumvi ya bahari imeyala. Kirudishe mpaka kilie “tak” pande zote mbili.

Shangazi yenu Kalolaine alikuja asubuhi mkiwa mmelala. Akaweka mkono juu ya kompyuta, akasema, “Wifi, hii naichukua.” Hapa Tonga dada wa marehemu akishasema hivyo, nani wa kumkatalia? Nikamwambia imekufa.

“Hata kama imekufa,” akasema. “Sauti ya kaka yangu imo humo.”

Nilinuna. Hata chai sikumpa. Zile nyimbo alizojirekodi baba yenu hazipo penginepo, na mimi nazitaka kuliko mtu yeyote.

Kwa hiyo ikiwaka, ~~mwambieni shangazi bado haiwaki~~

Ikiwaka, msifungue wimbo hata mmoja kabla sijarudi. Lupe, kimbia kamwite shangazi, umkalishe kiti cha mbele, na chai umpe. Baba yenu alikuwa kaka yake kabla hajawa mume wangu.

Mama