Kikomo Kilichoachwa Nje

Sølvdalen, 9 Januari 2017

Gunnvor mwanangu,

Hujambo huko Trondheim? Mimi mzima, ila goti.

Bi Borghild amefariki. Alianguka jikoni, akakaa sakafuni siku tano. Unajua wazee wetu hupiga simu kila asubuhi kusema wazima, na programu yangu hutoa majina ya walionyamaza siku tatu. Wiki hiyo haikutoa jina hata moja. Uliigusa?

Baba yako

Trondheim, 11 Januari

Shikamoo baba,

Pole na goti. Niliigusa. Zile siku tatu ulikuwa umeziandika ndani ya kichujio chenyewe, ile sehemu ya programu inayochambua majina, nikaona ni ushamba. Nikazitoa, nikaziweka nje yake, juu ya ukurasa wa programu, ili zibadilishwe kirahisi. Orodha ikatoka tupu, nikafurahi kwamba wote wamepiga. Baba, nimemuua. Nimekula keki zake tangu mdogo.

Binti yako

Sølvdalen, 19 Januari

Mwanangu,

Salama? Nilichelewa kwa sababu nilikuwa na hasira, sikutaka kukuandikia nikiwa nayo. Jana tumemzika.

Kichujio hupewa jina moja moja, na kilichoandikwa nje hakikioni mpaka ukikabidhi. Hukukikabidhi kikomo, yaani zile siku tatu, kikawaruka wote, kimya kimya. Nami nilikurithisha kazi bila kukufundisha, kwa hiyo kosa tunagawana.

Sasa kikabidhi. Kichujio kilekile kitatoa orodha mbili: ukikipa siku tatu, ya wote, ukikipa siku moja, ya wenye ugonjwa wa moyo. Jina langu liweke kwenye hiyo ya pili. Nilipaswa kukwambia mapema.

Baba yako

Treni ya kuja Sølvdalen, 3 Februari

Shikamoo baba,

U hali gani? Nimekabidhi kikomo kama ulivyosema, nikakijaribu kwa majina ya uongo mara kumi. Kila asubuhi nimekuwa nikiifungua orodha ya siku moja kabla ya kahawa, nikiikuta tupu, na nikijua utupu huo ni wa kweli.

Leo imetoa jina moja. Nimekupigia mara sita. Steinar wa jirani ameuchukua ufunguo wa nyumba yako, anavuka barabara sasa hivi.

Najua kichujio ni kizima, nilikitengeneza mwenyewe. Naomba leo kiwe kimekosea.

Binti yako