Mbawa Kutoka Sandukuni

Kabwe, 28 Novemba 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na wanangu hamjambo, na mvua za huko Kaengesa zimeanza kwa heri. Mimi ni mzima, ila joto la huku ziwani linanipika.

Mama, Noeli hii tena sitafika. Dagaa wanatoka vizuri na wanunuzi wa sikukuu ni wengi. Nikiiacha meza yangu, wenzangu wataikalia. Najua Herman na Silvana watanuna, kwa hiyo wape kazi ya mikono. Wasomee haya neno kwa neno, maana Herman hupenda kujua Mama kasema nini hasa.

Pango la Noeli walijenge kwa udongo wa bondeni. Ng'ombe na kondoo wawafinyange wenyewe, wawaanike karibu na jiko, lakini si karibu sana, watapasuka. Nyota wasuke kwa maganda ya mahindi. Minyororo ya karatasi wakate kwenye madaftari waliyoyamaliza, wabandike kwa uji mzito. Mbawa za malaika ni rahisi: wapinde fito nyembamba, juu wafunge kitambaa cheupe. Kitambaa cheupe hakikosekani kwenye sanduku la Bibi.

Nyumba ikipendeza, hawataniwaza sana.

Binti yako,
Scola

Kaengesa, 7 Desemba 2025

Scola mwanangu,

Marahaba. Hatujambo, mahindi yamechomoza, mbuzi amezaa. Sasa kama umesimama, kaa chini.

Niliwasomea barua yako kama ulivyoagiza, sikuruka hata nukta. Jana nikaenda jumuiyani. Niliporudi nikakuta ng'ombe wa udongo wamejipanga barazani, wote wana nundu na mapembe marefu, maana wamefuata ng'ombe wa kina Minza, majirani zetu Wasukuma. Nikacheka peke yangu. Nikaingia chumbani.

Malaika wawili wamesimama juu ya kitanda changu. Silvana ananyoosha mkono, ananiambia, "Bibi, usiogope!" Sanduku limeachama. Mkasi uko sakafuni.

Scola, shuka langu! Lile jeupe! Nilipiga ukunga mpaka majirani wakaja na majembe wakidhani ni nyoka. Mama yake Minza alipoona kilichokatwa, alifunika mdomo, akaondoka bila kuaga. Yeye ndiye niliyemwonyesha lilipo, siku ikifika wasihangaike kutafuta. Unajua fika shuka la mwanamke wa umri wangu linakaa sandukuni likingoja kazi gani. Sasa wajukuu wamelikata, na mwenyewe nipo, natazama! Tangu nizaliwe sijasikia jambo kama hili.

Sijawapiga. Nilitaka. Herman alisema, "Si Mama ndiye aliyesema sanduku la Bibi?" Nikaokota mkasi, nikauficha. Malaika hao ni wako, Scola, usinisukumie mimi.

Mama yako

Kabwe, 10 Desemba 2025

Mama yangu,

Shikamoo, na pole sana. Nilishtuka, kisha Mungu anisamehe, nikacheka mpaka wateja wakaniuliza kulikoni. "Bibi, usiogope!" Mtoto huyo kamrithi nani kama si wewe?

Wape pole na uwakanye. Lakini Mama, sanda ya nini na nguvu zote hizo? Shuka lako la kwanza niliwahi kulijaribu nikiwa mdogo, ukanikimbiza na mwiko. Likaliwa na panya, wewe unacheza ngoma kwenye harusi za watu. Hili nalo lingezeekea humo humo.

Nimekwisha kulilipia kosa. Nimempa Beda, dereva wa fuso la dagaa, furushi lako. Ni shuka zito na pana, limetoka ng'ambo Kongo. Nililipima kwa mikono nikimwambia muuzaji, mama yangu ni mrefu, usinipunje. Hilo utalitunza miaka ishirini! Beda atashusha mizigo njiani, kwa hiyo barua hii naituma kwa basi itangulie.

Usinune, Mama.

Binti yako,
Scola

Kaengesa, 13 Desemba 2025

Scola,

Marahaba. Watoto hawajambo.

Umecheka, ni haki yako, hukujua. Panya walipolila lile la kwanza sikununua jingine. Nilijiambia, nikifa watanisitiri kwa chochote. Hili nililinunua mwezi wa kumi, siku niliyotoka hospitali. Daktari alivuta kiti akakaa mbele yangu, na daktari akivuta kiti ujue kuna neno. Ana uhakika ni uvimbe wa ini, na umekwisha kuwa mkubwa. Akanipa dawa za maumivu. Hakunipa tarehe ya kurudi.

Nilitoka pale nikapita sokoni, nikagusa vitambaa kimoja kimoja kama bibi harusi. Nilichagua kizuri. Ndiyo maana nililia vile.

Sikukuandikia kwa sababu ungeiacha meza yako, wenzako wakaikalia. Watoto hawajui lolote, nami sitaki wajue kabla ya Noeli.

Mama yako

Kabwe, 16 Desemba 2025

Mama! Mama yangu!

Shikamoo. Siulizi hali, maana hali umeniandikia.

Usilipokee furushi! Kama Beda hajafika, mrudishe hapo hapo njiani. Kama amefika, lichome, mpe mtu, litupe, ila lisiingie ndani ya nyumba. Mimi mwenyewe nililichagua. Nililipima kwa urefu wako, Mama, nikicheka! Nimemtumia mama yangu sanda kama mtu anayetuma zawadi ya sikukuu. Muuzaji amenisalimia leo asubuhi, nikakimbia.

Mwezi wa kumi! Uliwezaje kunyamaza? Uliniandikia habari za mbuzi! Nimekukasirikia mpaka nikalia, kisha nikajikasirikia zaidi.

Utauliza kwa nini naandika badala ya kuja. Mama, nitakueleza ukweli. Naogopa. Nikikaa huku, wewe bado ni yule wa mwiko. Nikija nikakuona, itakuwa kweli. Miguu imekataa.

Scola wako

Kaengesa, 22 Desemba 2025

Scola mwanangu,

Marahaba. Tumeamka salama, usiku sikulala vizuri lakini uji umepita.

Barua yako na furushi lako vilifika siku moja wiki iliyopita, naye Beda akarudi ziwani. Furushi nililifungua kwanza. Kitambaa kizuri, hukunidanganya. Kisha nikasoma barua yako, nikakaa nalo mapajani muda mrefu.

Halafu nikachukua mkasi, nikalikata. Ndiyo, mimi! Herman alipiga kelele, "Bibi, hata hilo?" Nikamwambia alete fito. Watoto wote wa jumuiya sasa wana mbawa, Minza naye amo, kanisa litajaa malaika wenye matope miguuni. Mama yake alishtuka tena, lakini safari hii alishika sindano akanisaidia. Tulicheka hadi ubavu ukaniuma.

Langu walilolikata nimelishona vipande vyake vyote. Limejaa mishono, ndilo nitakaloondoka nalo, wala sitaki jingine. Watoto wamekwisha kulichezea, sasa haliniogopeshi.

Wewe unaogopa. Hata mimi naogopa, Scola. Usiku naogopa sana. Lakini itakuwa kweli uje usije, na usipokuja itakuwa kweli bila wewe. Dagaa hawataisha ziwani. Njoo.

Nilikuwa nafunga bahasha, fuso la Beda limesimama barabarani. Nimemwita dirishani nikamwuliza barua uliyompa iko wapi. Anasema hukumpa barua. Nilianza kukusema vibaya mbele yake, naye anacheka tu, ananyoosha kidole kwenye mlango wa pili wa gari. Watoto wametoka mbio na mbawa zao, Silvana analia huku anakimbia.

Basi hii sitaituma, nitakusomea mwenyewe. Lakini Mungu wangu, Scola, mbona umekonda hivyo!

Mama yako