Radi Ilipopunguza Sauti

Bashay, Mbulu
14 Juni 2004

Kaka yangu Yohanes,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mwanza, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimetulia. Sisi huku hatujambo. Mahindi yanakauka vizuri, ng'ombe yule mwekundu amezaa ndama jike, na shemeji yako Kornelia anakusalimu sana. Baridi imekuja mapema mwaka huu. Asubuhi ukungu unashuka mpaka mlangoni. Ukisimama uani unasikia kengele za ng'ombe bila kuona hata pembe moja, mpaka unajiuliza kama umeamka au bado umelala.

Barua yako ya mwezi wa nne niliipata. Nimechelewa kuijibu, na si kwa kukosa nafasi. Uliandika kwamba ulikuwa kwa kinyozi, redio ikapiga wimbo uitwao "Ukungu", mtangazaji akasema ni wa kundi la Radi kutoka Manyara, nawe ukanyanyuka na nusu ya kichwa haijanyolewa. Umeuliza ni nani aliyeigeuza Radi kuwa kundi la kubembelezea watoto. Umesema kama ni yule mwenye studio wa Arusha, nikutajie jina lake. Nitakujibu, kaka, ila nivumilie nianze mbali kidogo.

Radi ni yako. Ni wewe uliyeachiwa gitaa, amplifaya na kanda na yule mgeni aliyekuja kuchimba visima. Ni wewe uliyetukalisha, mimi na Bura na Gidahosh, katika ghala la ushirika, lililobaki tupu tangu wanunuzi binafsi waanze kufuata maua ya pareto shambani, ukatusikilizisha ule muziki wa metali wa kasi na kelele ambao mgeni aliuita thrashi. Mimi nilidhani kanda imeharibika. Bura alicheka mpaka akakaa chini. Gidahosh peke yake hakucheka. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akasema kwao Dirma, malisho yalipogeuzwa kuwa mashamba ya ngano, kifua cha baba yake kililia hivyo hivyo. Tangu siku hiyo akawa mpiga dramu wetu na Bura akashika besi. Bado naona bati za ghala zikitetemeka, na vumbi la maua ya zamani likituangukia mabegani polepole, kana kwamba halikuwa limesikia kelele zetu.

Mwaka 2000 amplifaya ilikutwa imevunjika, ukaondoka kesho yake ukisema hutakanyaga tena nyumbani kwa baba. Mimi nikarithi gitaa na maiki. Tukaazima amplifaya nyingine Mbulu mjini, na kila ulipotutumia maneno ya wimbo kutoka Mwanza tuliyaimba kama ulivyoyaandika. "Shoka" ndio uliopendwa kuliko nyimbo zote. Vijana wanane waliovaa fulana nyeusi walikuwa wakitufuata kila tulipokwenda, hata Katesh, wakisukumana mbele ya jukwaa na kupiga kelele pamoja nami kwamba mzee mwenye shoka ameua radi. Niliimba hayo miaka mitatu na zaidi.

Nilikuandikia Septemba iliyopita kwamba baba amepatwa na kiharusi. Katika majibu yako hukugusa habari hiyo, nami sikukulaumu. Upande wa kulia umelala, na ulimi umekuwa mzito. Maneno yanamjia moja moja, kama watu wanaoshuka mlima mmoja nyuma ya mwingine, na lazima umngoje kila mmoja afike.

Mwezi wa kwanza mwaka huu tulikuwa ghalani tukifanya mazoezi ya "Shoka". Wimbo ulipokwisha Bura akaenda kufungua mlango ili tupate hewa, akarudi akinionyesha nje kwa kidole. Nje, juu ya jiwe, alikuwa amekaa baba na fimbo yake. Alikuwa ametembea kutoka nyumbani tangu jua lilipochomoza. Nilipiga magoti nikamuuliza anahitaji nini. Akasema, "Endeleeni."

Tukarudi ndani tukiwa tumeacha mlango wazi. Nikafungua kinywa, na maneno yako yakakataa kutoka. Nikapunguza amplifaya mpaka ule mkwaruzo wote ukaondoka. Nikapiga gitaa lile lile la "Shoka", noti zako zile zile, ila kwa mwendo wa mtu anayefuata maksai shambani. Gidahosh alikasirika, alishikilia vijiti hewani akingoja nirudie kasi. Kisha akaviweka chini, akaanza kupiga kwa viganja. Bura akafuata. Kaka, sijui nikuelezeeje. Ilikuwa kama ghala limejaa maji nasi tunapiga tukiwa chini yake, na kila sauti inapanda juu taratibu kwenda kwenye mwanga. Maneno yalikuja yenyewe, ya mtu anayemwita mwenzake katika ukungu. Watu wanadhani ni msichana anayeitwa. Tulipomaliza, baba alikuwa amesinzia juu ya jiwe, jua limemfunika kama blanketi.

Kwa hiyo usimtafute mwenye studio. Anaitwa Tomaso, na hana kosa. Alisikiliza "Shoka" na "Ukungu", akasema kelele kama ile ya kwanza hajaisikia kwa kundi lolote hapa nchini, akatuomba tuiache ilivyo. Ni mimi niliyekataa. Nilimwambia tunarekodi "Ukungu" na nyingine za namna hiyo, au tunarudi Mbulu. Gidahosh aliniambia stendi kwamba nimeing'oa Radi meno, akaenda kukaa kiti cha nyuma cha basi mpaka tulipopita Karatu. Redio ikaupokea wimbo. Wanauimba mnadani Katesh, na tulipoitwa Babati uwanja ulijaa kina mama. Wale wanane wa fulana nyeusi hawaji tena. Ninapopanda jukwaani bado nawatafuta kwa macho.

Sasa nikuambie kwa nini maneno yako yalikataa kutoka.

Siku ile amplifaya ilipovunjika, wewe ulikuwa umekwenda mnadani. Nilitaka nikapige ghalani peke yangu, nijisikie kama wewe. Niliifunga juu ya punda bila kukuomba. Kwenye kijito, punda aliteleza, ikaanguka juu ya mawe na maji yakaingia. Niliirudisha chumbani kwako nikaifunika kwa shuka. Wiki hiyo hiyo baba alikuwa ameapa mbele yetu kwamba chombo hicho kikitisha ng'ombe tena, atakivunja kwa shoka. Ulipoifunua, hukuuliza ni nani. Ulimfuata baba moja kwa moja. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, suruali imelowa mpaka kiunoni. Baba aliniona. Aliitazama ile suruali, akanitazama usoni, kisha akakugeukia wewe akasema, "Nilisema nitaivunja."

Hakusema ameivunja. Nimekaa na maneno hayo miaka minne, na yeye hajanidai neno hata mara moja.

Kaka, nilikuacha uondoke. Nilikuacha utunge nyimbo za hasira juu ya mtu asiye na hatia, nikaziimba mimi mwenye hatia, na watu wakanipigia makofi. Sikuombi uupende muziki wetu wa sasa. Kama unataka jina la Radi, niandikie tu, tutatafuta jingine. Kama unataka kunipiga, nipo.

Jana nilimsomea baba barua hii mpaka hapa, Kornelia akiwa amekaa karibu. Nilipofika pale pa kijito alifumba macho, nikadhani amelala. Nilipomaliza alinyoosha mkono wa kushoto akataka kalamu. Tulimwekea karatasi hii juu ya sinia, na alihangaika nayo mpaka uji ukapoa.

Wasalimie majirani wote wanaokutunza huko. Bura anakusalimu, na Gidahosh anasema dramu zake zina kutu ya kukungoja. Mungu akulinde.

Ni mimi mdogo wako,
Felician Margwe

Alama iliyo hapa chini si wino uliomwagika. Baba alikuwa anaandika jina lako. Amefika kwenye herufi ya tatu.