Asha na Yusufu Kwenye Karatasi

Jumatatu, 5 Mei
Nimeswali alfajiri, nimekunywa chai, nimevaa bluzi nyeupe ya kazi. Formation, mafunzo ya siku tatu kwa sisi wauguzi: jeni na magonjwa ya kurithi. Docteur ni msichana, umri wa binti yangu. Ameanza na SS, ule ugonjwa wa damu unaouma watoto mifupa. Miaka ishirini na mbili nawatibu watoto hao. Nilifikiri naujua.

Jumanne, 6 Mei
Mtoto wa SS amepokea jeni mbili za S: moja kwa baba, moja kwa mama. Wazazi wenyewe wazima, hawajui kitu. Nikanyoosha mkono: si damu ya mama peke yake? Docteur: hapana, mama. Daima wawili.

Kalamu ikanisimama.

Kwa maana ni mimi niliyemwambia mdogo wangu Ramazani, tulipomaliza kuzika watoto wake wa SS, Asha na Yusufu: damu mbaya ni ya mke wako. Mbele ya familia nzima. Infirmière, muuguzi mwenyewe, amesema, nani abishe? Akamrudisha Zaina kwao Lubunga, ng'ambo ya mto. Miaka sita sasa.

Jumatano, 7 Mei
Zoezi: kila mtu achore familia yake. Mwanaume mraba, mwanamke duara. Mgonjwa mweusi, anayebeba bila kuugua nusu nyeusi, marehemu unampiga mstari. Nimechora ya Ramazani. Nusu yake nyeusi. Nusu ya Zaina nyeusi. Sawasawa. Docteur kanisifu: "Très bien, mama!" Nimelia chooni.

Ijumaa, 9 Mei
Nimemwonyesha Ramazani karatasi. Mke wake mpya alikuwa ananyonyesha.
"Yaya, dada yangu, ni wewe ulisema. Na huyu mutoto iko muzima, si unaona? Sasa niambie watu nini?"
Karatasi akanirudishia.

Jumamosi, 10 Mei
Nimevuka mto. Zaina anauza chikwangue, mikate ya muhogo, mbele ya nyumba ya baba yake. Amekonda. Akanipa kiti. Nimesema yote, sikuficha. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.
"Miaka sita, wifi. Bamama ya hapa hawaniachi nishike watoto wao."
Nikamkunjulia karatasi. Akaiinamia.
"Wangu iko wapi?"
Nikamwonyesha: duara, mraba, vyote vyeusi, vyote na mstari.
"Mbona hawana majina? Juu ya nini?"
Nikampa kalamu. Akaandika Asha. Akaandika Yusufu. Polepole. Karatasi amebaki nayo.

Jumapili, 11 Mei
Mvua. Nimemwambia Mungu nilichofanya, bila kukipamba. Nimefua bluzi. Kesho kuna mama analeta mtoto wake wa SS. Nimemtumia neno aje na baba yake mtoto.