Baba, Nilikuacha Londiani

Kwako Baba,

Bado siamini. Dakika arobaini na tano! Safari ile ya gari la moshi, tulilokuwa tukipanda jioni na kushuka asubuhi miguu imevimba, ndege iliyokupeleka Kisumu kuzikwa imeimaliza kabla sijapangusa machozi.

Nilimkatalia Ochieng, mwanao. Nikamwambia mzee anakwenda kwa barabara, polepole, kama watu wengine. Akasema, "Sistee, mzee ameishi Makongeni miaka yote akizitazama ndege zikipita juu. Wacha apande moja, hata kama ni hivi." Sasa wewe ungemjibu nini? Nikakubali ndege.

Shangazi ndiye aliyenivuta kando. "Wewe ndiye mkubwa. Utamwambia njia, kila mahali mnapopita. Marehemu asipoambiwa hubaki njiani." Nikacheka moyoni. Mimi, nisijue njia ya Kisumu? Si wewe uliyenikaririsha stesheni zote, umekalia kigoda chako, yunifomu ya reli bado mwilini, kipande cha nyama umekiinua juu? "Ukiruka Gilgil," ulikuwa ukisema, "nyama hii naila mimi." Na uliila, Baba, mara mbili. Sijasahau.

Basi ndege ilipopaa nikaanza. Wewe ulikuwa chini kwenye mizigo, mimi juu dirishani. Kikuyu. Limuru. Kijabe. Nilizitaja kwa mwendo wako, nikingoja kidogo kila stesheni, ili mwenye mtoto na mwenye kuku washuke bila kusukumwa. Naivasha nikalia. Gilgil sikuiruka. Nakuru msichana wa ndege akaniletea maji. Kufika Molo, masikio yakaziba. Nikasema, "Baba, hii sasa ni Londiani," na magurudumu yakagonga chini.

Nilipigwa na butwaa. Nikamshika Ochieng mkono: "Tumeanguka?"

"Tumefika, sistee. Hii ni Kisumu."

Kisumu gani? Mimi nilikuwa Londiani! Watu wakasimama, simu zikaanza kulia, na nje kina mama walikuwa tayari wanaimba. Jeneza likapokelewa, nami nikasombwa pamoja nalo. Sikupata hata pumzi ya kutaja stesheni moja.

Kaburini Shangazi aliniuliza, "Ulimwambia njia yote?" Nikasema ndiyo. Nimemdanganya mtu mzima kando ya kaburi lako, Baba! Wiki tatu sasa zimepita. Nakuona umesimama kwenye ile baridi ya Londiani na koti lako, ukiwauliza watu treni ya Kisumu inapita saa ngapi, na aliyekushusha hapo ni mimi, mwanao. Naogopa. Najionea aibu.

Leo nimekalia kigoda chako hapa Makongeni, mlango nimeufunga. Ochieng aniite mwendawazimu akitaka. Panda, Baba. Safari hii hakuna haraka.

Kipkelion. Fort Ternan. Koru, pale uliponinunulia ndizi nikatapika hadi kwenye viatu vyako. Muhoroni, unasikia harufu ya miwa? Chemelil. Kibigori. Miwani. Kibos.

Kisumu. Umefika nyumbani, Baba, shuka taratibu.

Sikuruka hata moja. Lakini leo nyama kula wewe.

Ni mimi, kifunguamimba wako.