Ua la Mama Lina Jina Lako Peke Yako

Mpendwa mdogo wangu Zaituni,

Nakuonea wivu. Afadhali niseme mapema, maana unanijua, nikizungukazunguka naishia kulia, na leo sitaki kulia.

Unakumbuka jiji lilipofungua ile karakana ya umma pale Kyebando, yenye kompyuta na mashine za kukata kwa leza, kila mkazi azitumie bure? Tulikuwa kibandani kwetu Nakivubo, tunakata ngozi za makubazi kwa kisu. Ukaniambia, "Dada, twende wote." Nikakujibu, "Pale ni pa waliosoma. Nenda wewe, mimi niliishia la saba." Nikakuazima hata viatu vyangu vizuri. Mjinga mimi!

Ukaenda na mchoro wetu, lile ua tulilolitoa kwenye kawa za chakula alizosuka marehemu Mama. Alikuwa akitukalisha mkekani, wewe anakupa ukindu mwekundu, mimi wa kijani. "Ua hili ni lenu ninyi wawili," alisema, "msije mkalipigania." Mashine ikalikata kwenye ngozi kwa dakika chache tu. Ulirudi unarukaruka, nikakupongeza kwa mdomo huku moyoni natokota. Wakakufanya mwalimu, halafu wakakupeleka mji wa mbali, Mbarara, kufundisha wengine. Siku nilipokusindikiza kituoni nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Wiki iliyopita nikajikaza, nikaenda. Nilisimama mlangoni, nachungulia ndani. Msichana wa pale akacheka: "Ingia, nyabo, ingia mama. Hapa hatuulizi cheti, tunauliza jina tu." Jina tu, Zaituni! Muda wote huo!

Akanionyesha kwenye kompyuta michoro ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, mradi amtaje aliyeichora. Ua la Mama lilikuwepo. Chini yake: Zaituni. Basi. Wallahi, nilijiona kama nimevuliwa nguo sokoni.

Najua mimi ndiye niliyekataa kwenda. Lakini nusu ya ua lile ni yangu. Nakuonea wivu kazi yako, wanafunzi wako, hata unavyotamka "faili" bila kusitasita. Na nina hamu nawe, hilo nalo linanikera.

Yule msichana akanifundisha kuandika kwenye kompyuta, kwa kidole kimoja. Nimeweka jina langu kando ya lako, si chini. Kama hulitaki, panda basi uje ulifute mwenyewe.

Mwenye hasira na wewe, na asiye na mwingine,
Dada yako