Mlio wa Setilaiti Yako na Kifo cha Machage

Kwa Shangazi Benedikta,
Butiama,
Musoma.
18 Julai, 1985.

Mpendwa mdogo wangu Renatus,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. U hali gani huko ugenini, na ile baridi yao? Mama yuko Kamunyonge, ni mzima, mguu tu ndio unamsumbua kidogo. Mke wangu Lukresia na watoto hawajambo. Mimi mkono wa kushoto una plasta, ila wa kuandikia ni mzima.

Kaa kitako kwanza, ndugu yangu. Machage, mtoto wa Shangazi, hatunaye. Aliuawa Jumamosi mbele ya macho yangu, ameshika ile antena uliyotutumia.

Uliniomba niisikilize setilaiti mliyoirusha huko kazini kwenu ikipita huku, maana inajizungusha ovyo na ninyi mnataka kujua kama breki mliyoiwekea imepunguza kasi yake. Nilishika redio na kinasa sauti, Machage akaelekeza antena. Tulipanda jabali nyuma ya nyumba ya Shangazi alasiri. Ikaja kama ulivyoeleza: mlio mwembamba, unapanda lile jicho lake la kupimia mwanga likitazama jua, unashuka likigeukia gizani. Machage akacheka. "Florian, kumbe inaimbaga kweli!"

Hatukujua kuwa alfajiri ile wezi wa ng'ombe walivamia kwa jirani yetu Wanzagi, wakamkata mwanawe mdogo kwa panga. Sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, walishinda porini wanawasaka, wana njaa na hasira. Wakasikia ule mlio kama filimbi jabalini, wakaona mtu anaelekeza vyuma angani.

"Mnawaitaga wenzenu!" Wanzagi alipiga yowe.

"Mimi ni Machage! Machage wa Benedikta!"

Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni. Mimi nilipigwa rungu, nikasikia mfupa unavunjika. Nikamwona Wanzagi anamchoma mkuki ubavuni, anauchomoa, anachoma tena. Waliendelea kumponda kwa marungu hata alipokuwa hasogei. Mmoja alikwishainua panga juu ya shingo yangu, Shangazi akafika mbio, akajitupa juu yangu. "Anza na mimi niliyekukata kitovu!" Unajua amewazalisha mama zao karibu wote. Panga likashuka polepole.

Kinasa sauti kilikuwa kimeangukia nyasini, kimenasa yote. Nilitaka kuuchoma moto ule mkanda. Tulipotoka kuzika, Shangazi akasema, "Niwekee nimsikie." Alisikiliza mpaka mwisho bila kujifuta machozi. Kisha akauliza, "Renatus anangoja kitu gani humo?" Nikamweleza. "Basi kitoe."

Nikakaa na saa ya kupimia mbio niliyoazima shuleni. Toka mlio unapofika juu kabisa hadi unapofika tena, huo ni mzunguko mmoja. Wa tatu umefunikwa na mayowe yao. Wa nne ni Machage anamwita mama yake. Antena ilipoanguka mlio ulififia, lakini haukukatika. Kwa kuwa kidole huchelewa kubonyeza, sikupima mmoja mmoja. Nilipima sita kwa pamoja, nikagawa. Ni sekunde thelathini na nane kwa mzunguko. Uliandika kwamba mwanzoni zilikuwa ishirini. Basi breki yenu imeshika, imepunguza kasi. Nimerudia mkanda mara nyingi, jibu ni hilo hilo.

Wanzagi alikuja mazikoni na jembe. Nilimwendea nimpasue kichwa kwa mkono huu mmoja, Shangazi akanizuia. "Mwache achimbe." Alichimba mpaka viganja vikatoa damu, na polisi wakamchukulia pale pale kaburini.

Jana mwanawe naye, yule aliyekatwa na wezi, amekufa hospitali. Mama wa mtoto alishatangulia, baba yuko mahabusu. Asubuhi hii Shangazi amejifunga khanga, anakwenda kumwosha yule mtoto. Nimemuuliza, "Shangazi, unawezaje?" Ameniomba sabuni tu, nami nikampa kipande kilichobaki, maana madukani hamna.

Mama, Lukresia na dada yetu Dafroza wanakusalimu sana. Usijilaumu; Shangazi mwenyewe amesema nikuandikie hivyo. Mungu akuangalie usingizini na barabarani, akurudishe kwetu ukiwa na mwili mzima.

Wako akupendaye, leo kuliko jana,
Kaka yako Florian